Mama Funguo na Gari la Kaka Yake

Ukifika mji ule kwa gari, wa kwanza kukuzuia si askari wala ofisa wa manispaa. Ni mwanamke mmoja mfupi, kofia pana kichwani, viatu vya mpira miguuni hata jua likiwa la kupasua mawe. Anasimama katikati ya njia, mikono kiunoni, na hasogei. Wapo madereva wanaompigia honi. Huwaacha wapige mpaka wachoke, kisha huja taratibu dirishani na kuuliza swali lake la kwanza, ambalo halihusu jina lako wala unakotoka.

"Magoti yako vipi?"

Wageni wengi hudhani wameangukia mikononi mwa kichaa. Lakini swali lina maana yake. Ndani ya lango, mji mzima ni vichochoro na ngazi. Hakuna gari, hakuna pikipiki, na hata baiskeli huko hubebwa zaidi kuliko inavyobeba. Kwa hiyo mwenye magoti mazima huelekezwa juu kwa Bi Ngazi, kwenye nyumba ya wageni yenye vyumba tisa vyenye hewa safi, lakini ni vidato mia mbili na kumi kutoka langoni. Mwenye magoti mabovu hulala nyumba za chini, ambako vyumba ni kama makabati na kuta ni nyembamba kiasi kwamba jirani akipiga chafya unajikuta unamjibu. Na yule anayesema magoti yake hayamhusu mtu hupelekwa kwa Bi Ngazi vilevile, akajifunze adabu njiani.

Gari lenyewe hubaki kwa mwanamke huyo. Watu wanamwita Mama Funguo. Uwanja wake una safu nne, kila gari na jiwe lake lililopakwa chokaa na kuandikwa namba, na ndani ya kibanda cha bati kuna ubao wa misumari ambako funguo zote hutundikwa. Magari huyasogeza mwenyewe. Alijifunza kuendesha akiwa na miaka arobaini, ndani ya uwanja huohuo, na hajawahi kutoka nje yake akiwa kwenye usukani. Ameendesha magari ya mabwana wakubwa, ya maharusi, na mara mbili ya kubebea maiti, lakini hakuna alilolipeleka zaidi ya hatua mia. Gia ya tatu anaisikia kwa watu.

Namna alivyoupata uwanja huo ni habari ambayo mji mzima unaijua na kila mtu anaisimulia vibaya. Marehemu mume wake alikuwa dereva wa lori la mchanga. Alinunua kile kiwanja nje ya lango kikiwa jalala, watu wakamcheka mpaka machozi. Miezi mitatu baadaye akaliingiza lori lake kwenye kichochoro cha kwenda sokoni, likakwama. Kulia ukuta, kushoto ukuta, milango haifunguki. Yeye mwenyewe alitolewa kupitia kioo cha mbele, kama mtoto anayezaliwa na masharubu. Lori lilikaa pale siku nne. Watu waliokwenda sokoni walipita juu ya boneti. Bibi harusi mmoja alivushwa kwa kubebwa juujuu na shela lake. Mhubiri mmoja alipanda juu ya mchanga akahubiri, akapata wasikilizaji wengi kuliko alivyowahi kupata, kwa kuwa hawakuwa na pa kupita. Lilipotoka hatimaye, likiwa limeacha vioo vyake vya pembeni ukutani, madiwani walikaa kikao kimoja tu na kupitisha kwamba chombo chenye injini hakitaingia tena mji ule. Sasa magari lazima yaachwe mahali, na mahali pekee palipokuwa tambarare nje ya lango ni lile jalala.

"Watu husema alipanga," Mama Funguo huwaambia wageni. "Mimi nimelala na yule mtu miaka ishirini na miwili. Alikuwa hawezi kupanga hata viatu vyake."

Mume alifariki kwa maradhi ya kifua, naye akabaki na magari. Na kwa kukaa na magari ya watu miaka yote hiyo akapata ujuzi ambao hakuuomba. Mtu anaweza kukuzuga kwa suti, kwa salamu nzito, kwa miwani, lakini gari lake halijui kuzuga. Mama Funguo hakuwa mpekuzi. Hakufungua kabati la mbele wala kuinua kiti. Alikaa tu kwenye usukani alisogeze, akavuta pumzi, akatupa jicho moja, basi. Alimjua daktari aliyewakataza watu wote sukari huku viti vyake vimejaa chembe za biskuti. Alimjua bwana na bibi waliofika wakiwa wameshikana mikono, na ndani ya gari kila mmoja ana ramani yake.

Sasa, huyu Mama Funguo alikuwa na kaka yake mkubwa. Nyumbani walimwita Mkurugenzi. Hakuwahi kuwa mkurugenzi wa kitu chochote. Alikuwa mkuu wa bohari katika kiwanda cha rangi mpaka alipostaafu. Lakini tangu utotoni alizungumza kama mtu anayefungua mkutano, na jina likamganda. Mbele ya watu wake wa heshima alisema, "Dada yangu yuko katika sekta ya usafiri." Kumtembelea, hakuwa amemtembelea kwa miaka tisa.

Siku moja akapiga simu.

"Nataka nije nipumzike kidogo. Hapo kwenu mtu anaegesha wapi, na analala wapi?"

"Unaegesha kwangu, kaka. Unalala kwa Bi Ngazi."

"Na gari linaruhusiwa kukaa muda gani?"

"Wewe unataka kukaa muda gani?"

"Nauliza tu utaratibu," akasema.

Alifika Jumanne, saa nne asubuhi, na gari refu jeusi linalong'aa kama kiatu cha bwana harusi. Akashusha kioo nusu.

"Nitaegesha mlangoni pa nyumba ya wageni."

"Shikamoo kaka."

"Marahaba. Mlangoni pa nyumba ya wageni."

"Hakuna mlango huko unaofikiwa na gari."

"Kwa watu wa kawaida, naelewa."

"Kwa watu wa aina zote. Huku hata marehemu wanatoka kwa mabega ya watu."

"Mpigie diwani basi. Mwambie ni nani amefika."

"Gari la diwani ni lile la safu ya pili, lenye kinyesi cha njiwa. Mwenyewe amekwenda kwa miguu. Magoti yako vipi?"

Mkurugenzi akasema magoti yake ni ya chuma. Chuma hicho kilifika kidato cha kumi na tisa. Pale aliketi, akajipangusa uso kwa leso, akatangaza kwamba ngazi zile zimejengwa bila kufuata vipimo. Ikabidi aitwe Injini. Huyu Injini alikuwa bwana mmoja mkavu, wa miaka hamsini na kitu, mwenye mkokoteni, ambaye kazi yake ni kupandisha mizigo ya wageni kwa njia ya mzunguko nyuma ya mji. Alipewa jina hilo kwa sababu ndiye injini pekee inayoruhusiwa ndani. Akalipanga sanduku la Mkurugenzi, akampanga Mkurugenzi juu ya sanduku, wakaanza safari, Injini akipaza sauti njia nzima, "Mzigo, mzigo, pisheni mzigo."

"Mimi si mzigo," Mkurugenzi akasema huko juu.

"Kwenye njia hii, bwana, anayetembea ni mtu. Anayesukumwa ni mzigo."

Walipopotea nyuma ya ukuta, Mama Funguo akaingia kwenye gari jeusi alipeleke safu ya tatu. Akatia ufunguo. Hakuuzungusha.

Kiti kilikuwa kimelazwa kiasi kwamba alikuwa anaangalia paa. Alijaribu kukiinua, kikagoma. Kilikuwa kimezoea kulala. Kwenye tundu la kuwekea chupa mlikuwa na kikombe, ndani ya kikombe mswaki, na mswaki ulikuwa bado na maji. Kioo cha kunyolea kilikuwa kimefungwa kwa uzi kwenye kile kibao cha kuzuia jua. Nyuma ya kiti kulikuwa na mto wenye shimo la kichwa katikati, mashati matano yaliyotundikwa kwa mpangilio wa rangi, sahani moja, kijiko kimoja, pasi ya umeme, na mkeka wa bafuni, ule wa manyoya, wa bluu.

Kwanza alicheka. Mtu anayekwenda kupumzika habebi mkeka wa bafuni. Kisha kicheko kikamkauka mdomoni akabaki ameshika usukani. Alimkumbuka kaka yake akiwa na miaka kumi na miwili. Yeye dada mtu alikuwa ameugua matumbwitumbwi, amevimba mashavu kama panya buku, na mama amemfunga kitambaa kidevuni mpaka utosini. Watoto wa jirani walikuja kumcheka. Kesho yake kaka naye akatoka na kitambaa kilekile, mashavu mazima, akashinda nacho wiki nzima, huku akiwaambia watu wote kwamba ndiyo mtindo mpya na wao wamechelewa. Alikuwa na majivuno ya kuchosha hata wakati ule. Lakini alishinda nacho.

Akaliegesha gari penye jiwe namba ishirini na saba, akalifunika turubai.

Siku zilizofuata Mkurugenzi alishuka kila asubuhi "kupasha injini moto", na Injini ndiye aliyempandisha tena kwa mkokoteni. Huko kupasha moto kulichukua saa nzima, na injini haikuwashwa. Alikaa tu ndani, vioo vimefungwa, anasoma gazeti. Siku ya tano Mama Funguo akachukua vikombe viwili vya chai, akafungua mlango wa abiria, akaingia.

"Tangu lini?"

"Tangu lini nini?"

"Kaka. Mkeka wa bafuni."

Mkurugenzi akalikunja gazeti mara nne, kwa uangalifu, kama anayekwenda kulihifadhi bohari.

"Wiki saba."

"Wifi amekufukuza."

"Tumekubaliana kupeana nafasi."

"Amekufukuza."

"Amebadilisha kitasa," akakiri.

"Umefanya nini?"

"Sijafanya kitu. Anasema naongea. Anasema tangu nistaafu namfundisha kuchemsha maji."

"Na unamfundisha?"

"Alikuwa anachemsha bila mfuniko, dada. Miaka thelathini na minne."

Mama Funguo alijaribu kuzuia. Alijaribu kweli. Lakini kicheko kilimtoka na chai ikamtoka, akaegemea upande wa usukani, kiwiko kikaangukia honi, uwanja mzima ukageuka. Mkurugenzi alimtazama kwa hasira, kisha midomo yake ikaanza kucheza, kisha naye akacheka, na akiisha kucheka akalia kidogo, akisema ni ile chai.

Baada ya hapo alifunguka. Akamweleza kila mahali alipolala, maana wiki saba zilimfanya bingwa. Uwanja wa mpira haufai, kuna makelele. Penye nyumba ya ibada ni pazuri siku zote isipokuwa siku ya ibada, ambapo unaulizwa mbona huingii. Sokoni kuna panya na inzi. "Hospitali ndiyo bora kuliko zote," alisema. "Mlinzi akikuona na uso kama huu hakuulizi kitu. Anakupa pole. Mmoja aliniletea uji."

"Na kwangu hukufikiria?"

"Ndipo nilipofika, au sipo?"

Mama Funguo akaona hilo ni jibu, akamalizia chai yake iliyobaki.

Mambo yalitulia wiki tatu. Ndipo mchana mmoja akatokea mwanamke mrefu anayekuja kwa miguu kutoka kituo cha basi, mkoba begani, viatu mkononi ili visichakae. Ni wifi yake. Alikuwa fundi cherehani, mshonaji wa sare za shule, mtu wa maneno machache kwa kuwa nusu ya maisha yake alikuwa na pini mdomoni, na nusu nyingine alikuwa na mume yule. Wakakumbatiana, wakaulizana hali za watoto na za wagonjwa wote, wakamaliza. Kisha mgeni akafungua mkoba akatoa kadi ya gari, akaiweka kwenye meza ya kibanda.

"Wifi yangu, nimeambiwa gari liko kwako. Nimekuja kulichukua."

Mama Funguo akaisoma. Jina lilikuwa la mke, herufi kubwa, halina utata.

"Gari tu?"

"Gari nililinunua kwa cherehani. Yeye ni wa kwenu tangu azaliwe."

"Ngoja basi nimwite ashuke."

"Ukimwita ataongea."

Hapo Mama Funguo akashikwa. Ufunguo ulikuwa mgongoni mwake, kwenye msumari, na aliusikia kama mtu anayemchungulia. Damu ni damu. Lakini siku aliyofungua uwanja ule alijiwekea kanuni moja: ufunguo anapewa mwenye gari, si mwenye sauti. Kama angeivunja kwa kaka yake, kesho angeivunja kwa diwani. Akautoa msumarini.

"Tutoe vitu vyake kwanza," akasema.

Wakaenda safu ya tatu, wakavuta turubai. Mama Funguo akashusha mashati, akashusha pasi, akashusha sahani na kijiko. Wifi alikuwa amefungua mlango wa dereva. Alipouona mto na lile shimo lake, na kiti kilicholazwa, mkono wake ukabaki hewani. Akakichukua kikombe cha mswaki, akakishika muda mrefu kama anayetafuta kilipopasuka.

"Wiki zote zile aliniambia yuko kwa rafiki yake."

"Rafiki gani?"

"Ndivyo ningepaswa kuuliza. Kwa nini sikuuliza, wifi? Yule mtu ana rafiki gani?"

Akaketi ukingoni mwa kiti, miguu nje. Mama Funguo alidhani sasa ataghairi. Hakughairi. Alifuta uso, akakihangaikia kiti mpaka kikainuka kwa kelele, akarekebisha vioo. Kisha akaunyooshea kidole mkeka wa bluu.

"Huo ni wangu," akasema. Akauchukua, akaondoka.

Kesho yake asubuhi Mkurugenzi alishuka na gazeti lake, akafika penye jiwe namba ishirini na saba, akakuta jiwe. Mama Funguo alimweleza wima, bila kuzunguka. Alitegemea hotuba. Badala yake kaka yake alinyamaza siku mbili nzima, mpaka Bi Ngazi akateremka vidato vyote mia mbili na kumi kuja kuuliza kama mgeni wake ana homa.

Siku ya tatu sauti ikarudi.

"Umempa ufunguo mtu wa nje."

"Nimempa mwenye kadi."

"Mimi ni ndugu yako, tumbo moja."

"Ndiyo maana huku una kitanda, kaka. Gari halikuwa kitanda."

Hata hivyo kaka hakuondoka, na kwa kuwa hakuwa na cha kuondokea wala cha kupasha moto, alianza kutembea. Alipanda na kushuka, akipumzika kila baada ya vidato kumi, baadaye kila baada ya ishirini. Tumbo lake lilianza kujitenga na mkanda. Injini alipompita na mkokoteni alimsalimia, "Habari ya leo, mtu," naye akaitikia.

Kisha akavamia uwanja. Hakuna aliyemwita. Asubuhi moja Mama Funguo alimkuta amesimama langoni, amevaa tai, anaingiza gari la wageni kwa mikono miwili kama anayeshusha ndege. "Nyuma. Nyuma. Kata. Usikate hivyo, bwana, kata kama mtu mwenye nia." Wiki iliyofuata aliyapanga magari yote kwa rangi, na ikachukua siku nzima kumtoa mwenye gari jeupe la katikati. Dada yake alimwacha afanye siku hiyo moja, kisha akamrudisha kwenye mstari. Lakini kuhusu malazi hakumzuia. Mkurugenzi alikuwa na maelezo ya kila nyumba: kitanda kipi kinalia, dirisha lipi linaingiza jua mapema, bafu lipi maji yake yanakuja kwa hiari yake. Wenye magoti mabovu walimsikiliza kwa muda mrefu hivi kwamba walipoanza kupanda walikuwa wamekwisha kupumzika. Na Mama Funguo, kwa mara ya kwanza tangu afiwe, alipata kukaa kwenye kiti mchana, amevua viatu vya mpira, vidole vya miguu vinapigwa na upepo.

Mwezi wa nne tangu lichukuliwe, gari jeusi likaja tena. Mkurugenzi alikuwa langoni. Alilitambua kutoka mbali. Akaweka tai sawa, akainua mikono yote miwili kuliongoza. Mkewe hakuitazama hata mikono hiyo. Alirudi nyuma mara moja, akaingia kati ya magari mawili, akazima. Gari lilikuwa limekaa upande kidogo. Kila mtu aliona. Mkurugenzi akafungua mdomo. Akaufunga.

"Nimekuja siku mbili," mke akasema.

"Utalala wapi?"

"Kwa Bi Ngazi."

"Mimi niko huko. Chumba cha nne."

"Najua. Nimeomba cha tisa."

Mkurugenzi akatafakari umbali wa kutoka cha nne hadi cha tisa, akaona si mbaya kama kitasa. Akamchukulia mkoba. Injini alikuwa amekwisha kusogeza mkokoteni, lakini walimkatalia wote wawili kwa pamoja, wakaanza kupanda. Mama Funguo aliwatazama kutoka kibandani. Mpaka kidato cha thelathini kaka yake hakuwa amesema kitu. Kisha akanyoosha mkono kuonyesha ukuta fulani, akaanza kueleza, na wifi akasimama akamwambia jambo fupi. Akaacha kueleza. Wakaendelea kupanda.

Angependa kuwatazama mpaka juu, lakini langoni palikuwa pameingia gari dogo la mizigo lenye watu saba mbele na nyuma, na kochi la watu watatu limefungwa juu ya paa. Dereva alikuwa anauliza chumba cha kulifikishia kiko upande gani. Mama Funguo akavaa viatu vyake vya mpira, akaenda kumweleza habari za kochi.